Jawabu kwa Wapendao Betri Kubwa

Miongoni mwa watu wa Arua na Koboko wanaofikiria kununua gari la umeme, wawe watumishi wa wilaya, walimu, wauguzi au wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Lobule na Bidibidi, imeenea rai moja ambayo imekwisha kupata nguvu ya sheria bila ya kupitishwa na baraza lolote, nayo ni kwamba mwenye akili hununua betri kubwa kupita zote ambazo mfuko wake unaziweza, na kwamba betri ya wastani ni starehe ya watu wa Ulaya, ambao kila waendapo hukuta mtambo wa kuchajia. Rai hii husemwa kwa sauti ya hekima, na aghalabu anayeisema ni mtu mzima aliyeishi katika eneo letu la West Nile muda wa kutosha kuonja dhiki zake, hata haifai kumjibu kwa kejeli wala kwa pupa. Lakini ni rai potofu. Inawaingiza watu wema katika madeni yasiyo na faida, kisha inawaacha na shida ile ile waliyoikimbia. Na madhali jambo lenyewe ni la hesabu kabla ya kuwa la moyo, kwa hesabu nitalijibu.

Kwanza tuwatendee haki wenzetu kwa kuitambua asili ya hofu yao. West Nile imeishi miaka mingi mwishoni mwa kila njia: petroli iliyoshushwa Mombasa ilitufikia baada ya kuvuka Kenya na Uganda nzima, na kila ilipokatika huko nyuma sisi tulikuwa wa kwanza kukosa na wa mwisho kupata. Ndipo wakazuka wale vijana walioitwa OPEC, ambao sifa yao imefika hata katika vitabu vya wataalamu, wakipanga madumu na chupa zao kando ya njia za mji wa Arua na kuuza petroli ya magendo iliyopenya mpaka wa Kongo. Mtu aliyesimama juani mbele ya meza ya mmoja wao, akitazama petroli ikitoka katika dumu la manjano na kuingia tangini kupitia kichwa cha chupa ya plastiki kilichokatwa kikawa mrija, huku kitambaa kikizuia taka na mkono wa muuzaji ukipima kwa mazoea, hujifunza kwamba mafuta yanapopatikana hujazwa hadi ukingoni, kwa kuwa kesho haina dhamana. Na somo hilo lilithibitishwa tena Januari 2022, wakati madereva wa malori walipokwama mpakani Malaba na Busia kwa mgogoro wa ada za kupima korona, bei ya petroli ikapanda maradufu katika sehemu kadhaa za nchi.

Umeme nao haukuwa na historia njema zaidi. Kampuni ya WENRECo, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilitegemea jenereta ya mafuta pale Arua, kisha mwaka 2012 ukaongezeka mtambo wa maji wa Nyagak, karibu na Paidha, wenye megawati 3.5, kiasi ambacho kwa eneo zima la West Nile kilikuwa kama hakipo kila mashine inapoharibika au mto unapopungua. Laini kubwa ya taifa, ile ya kilovolti 132 ipitayo Gulu na Nebbi, ilitufikia mwaka 2024 tu. Basi mtu aliyelelewa katika giza hilo akisema anataka betri kubwa, simlaumu. Ninachosema ni kwamba amelichukua fundisho la tangi la petroli akalivisha betri, ilhali vitu hivyo viwili havifanani katika mambo mawili yaliyo makubwa: tangi ni bati tupu lisilo na thamani, na mafuta ndiyo ghali, wakati betri yenyewe ndiyo ghali na umeme uliomo ni rahisi, tena tangi hujazwa kwa dakika tatu, na betri hujazwa kwa kadiri soketi inavyoruhusu, si kwa kadiri mwenyewe anavyotamani.

Tuipime njia, basi. Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55, na barabara hiyo, ambayo ni sehemu ya ile ya kilomita 92 itokayo Vurra hadi Oraba, leo ni ya lami yote, yenye vilima na mabonde ya wastani ambayo gari la umeme huyapanda kwa gharama na kuyashuka kwa kurudishiwa sehemu ya gharama hiyo, kwa kuwa mota yake hugeuka jenereta kila dereva anapoachia mguu. Kwenda na kurudi ni kilomita 110. Gari dogo la abiria watano hula kilowati-saa 15 hadi 18 kwa kilomita 100, yaani zile tunazoziita yuniti tunapolipia umeme wa nyumbani. Lakini kwa kuwa tunabishana na watu wenye hofu, tuwape hofu yao haki yake, tuhesabu yuniti 20, tukitia ndani kipoza hewa cha mchana wa Februari, abiria watatu wa kuwapa lifti, na magunia ya mihogo buti likiwa limejaa. Jumla ni yuniti 22 kwa siku. Betri huchakaa, kwa hiyo tuchukulie kwamba baada ya miaka itabakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake. Na kwa kuwa si busara kuikausha hadi chini wala, kwa aina nyingi, kuijaza hadi juu kila usiku, tuitumie robo tatu tu ya hicho kilichobaki. Gawanya utakavyo, utafika karibu na yuniti 37. Betri ya yuniti 40 inamtosha mtu alalaye Arua na kufanya kazi Koboko, si leo tu ingali mpya, bali hata itakapokuwa imezeeka. Na yule ambaye safari zake zote ni za mjini Arua, kutoka Ediofe hadi Muni na sokoni, nusu ya kiasi hicho ni nyingi kwake.

Watasema kwamba hesabu hii ni ya karatasini. Lakini ndiyo hesabu ifanywayo na kila mhandisi anayejua anachotengeneza. Wahandisi wetu wenyewe wa Kiira Motors, kundi lililochipuka Makerere chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, walipolionyesha basi la Kayoola katika uwanja wa Namboole Februari 2016, waliliwekea betri ya kwenda kilomita 80 na viti 35, kwa sababu walilikusudia kwa safari za mjini. Hawakuanza kwa kuuliza betri gani ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Walianza kwa kuuliza basi litakwenda wapi.

Kwa nini basi matangazo ya magari kutoka ng'ambo yanasifu betri za yuniti 75 na 80? Kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mjerumani anayekwenda kilomita 130 kwa saa anapambana na upepo ambao, kwa kila kilomita, unamla karibu mara tatu ya unavyomla dereva wa Maracha anayekwenda 75, maana ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Na Januari, theluji ikiwa imetanda, betri yake hupungukiwa na nguvu kwa baridi na papo hapo hutakiwa ipashe moto chumba cha gari. Sisi hatuna theluji, na barabara yetu, yenye ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule, haituruhusu mwendo huo hata tukiutaka. Kuinunua betri ya Mjerumani ni kulipia baridi ambayo Mwenyezi Mungu ametuepusha nayo.

Nafika sasa kwenye kiini cha maneno yangu, nacho ni soketi. Nyumba nyingi za Arua zina soketi ya matundu matatu ya mstatili, ya ampea 13, na waya wa kuchajia unaokuja na gari huvuta ampea 10 kutoka kwayo. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Gari likichomekwa saa moja jioni na kuchomolewa saa kumi na mbili asubuhi, limevuta yuniti 26, na baada ya kile kinachopotea kwa joto njiani, betrini zimeingia kama 23. Hizo ndizo unazopata usiku mmoja, uwe na betri ya yuniti 40 au ya yuniti 80. Pipa kubwa halizidishi maji ya bomba linalochuruzika. Anayelipa mamilioni zaidi kwa ajili ya betri kubwa, akaichomeka kwenye soketi ile ile iliyo nyuma ya friji, asubuhi ataamka na kilomita zile zile za jirani yake mwenye betri ya nusu.

Hapa wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Wanasema: umeme ukikatika siku tatu mfululizo, kama tulivyozoea, mwenye betri kubwa ataendelea kwenda kazini na mwenye ndogo atakaa nyumbani. Ni kweli kwa siku hizo tatu. Betri ya yuniti 75 iliyojaa, ikitumika 22 kila siku, itabakiwa na 9 mwisho wa siku ya tatu. Lakini tuendelee na hesabu pale wao wanapoiachia. Umeme umerudi, kila usiku zinaingia yuniti 23, na kila mchana zinatoka 22. Faida ni yuniti moja kwa siku. Betri ile kubwa haitajaa tena mpaka ije Jumamosi na Jumapili gari likilala nyumbani, na ikiwa umeme utakatika tena Alhamisi, mwenye betri kubwa na mwenye betri ya wastani wako katika hali moja, isipokuwa mmoja wao anadaiwa zaidi. Akiba isiyoweza kurudishwa kwa wakati si akiba ya kutegemewa.

Mtazame sasa yule aliyenunua betri ya yuniti 40, akatumia sehemu ndogo ya tofauti ya bei kumwita fundi mwenye leseni ya ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini, akamvutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita, wenye swichi yake ya usalama na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na kisanduku cha ukutani cha ampea 32. Huyo anapata kilowati 7 badala ya 2.4. Umeme ukirudi saa nne usiku na kutoweka tena saa nane, amekwisha kupata safari yake yote ya kesho. Katika nchi ambayo umeme huja kwa vipindi, kinachookoa ni kasi ya kuupokea katika saa chache unazopewa, na kasi hiyo hainunuliwi kwa kuongeza ukubwa wa betri. Ndiyo maana nashangaa kumwona mnunuzi akimhoji muuzaji saa nzima juu ya ukubwa wa betri na asiulize hata mara moja mtambo wa kuchajia uliomo ndani ya gari ni wa kilowati ngapi. Maana Nissan Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina mtambo wa kilowati 3 tu, na huo hata ukiupa waya mnene namna gani utapokea kilowati 3.

Niongeze hapa jambo la usalama, kwa kuwa nyumba zinaungua. Soketi ya kawaida haikukusudiwa kubeba ampea 10 saa kumi na moja kila usiku, sembuse waya wa kuunganishia wa rola uliofungwa ungali umejizungusha, ambao joto lake halina pa kutokea. Soketi huanza kubadilika rangi pembeni mwa tundu moja, kahawia kisha nyeusi, na harufu ya plastiki husikika kabla ya moto kuonekana. Betri kubwa inazidisha hatari hiyo, maana inamshawishi mwenyewe aliache gari limechomekwa mchana na usiku akitumaini kulijaza.

Ama gharama, wengi hawajui ukubwa wake kwa sababu imefichwa ndani ya bei ya gari. Shirika la BloombergNEF, linalofuatilia bei za betri kila mwaka, lilitaja wastani wa dola 115 kwa kila kilowati-saa mwaka 2024. Tofauti ya yuniti 40 na 75 ni yuniti 35, yaani zaidi ya dola 4,000, takriban shilingi milioni 15 za Uganda, na hiyo ni bei ya kiwandani kabla ya meli, ushuru na faida ya muuzaji. Kuna na uzito: yuniti hizo 35 haziko chini ya kilo 200, mfano wa abiria watatu wanene waliokaa garini asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, wasioshuka na wasiolipa nauli, wakila tairi na springi. Na kuna jambo la dhamiri. Betri nyingi za magari yenye masafa marefu zina kobalti ndani yake, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nchi ambayo mtu wa Vurra huiona akifungua dirisha, ikichimbwa huko kusini Kolwezi na watu wazungumzao Kiswahili kama sisi, wengine wakishuka mashimoni kwa mikono mitupu. Kuchukua zaidi ya haja yako katika kitu kilichopatikana kwa jasho la namna hiyo ni israfu, na sijui dini yoyote kati ya hizi zetu iliyoiruhusu. Ziko betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti wala nikeli, nazo ndizo ninazompendekezea mtu wa huku, kwa kuwa zinavumilia kujazwa kila siku na kuhimili joto kuliko hizo nyingine.

Wapo wanaodai kwamba betri kubwa hudumu zaidi kwa kuwa huchajiwa mara chache. Hesabu inawajibu upesi: yuniti 22 katika betri ya 40 ni zaidi kidogo ya nusu ya mzunguko mmoja kwa siku, kama mizunguko 140 kwa mwaka wa kazi, na betri ya chuma na fosfeti yenye kuvumilia mizunguko 2,000 itachukua miaka kumi na minne kuimaliza. Umri na jua vitaizeesha kabla ya safari za Koboko.

Na Kampala je? Hili ndilo swali ambalo kila mjadala huishia, kana kwamba mtu huishi mwaka mzima kwa ajili ya safari ya Krismasi na ya harusi ya mpwa wake. Kutoka Arua hadi Kampala ni kilomita zisizopungua 470. Betri ya yuniti 75, kwa mwendo wa barabara kuu, gari likiwa na familia na mizigo, itakwenda kilomita 400 hivi mpaka ikauke kabisa, na hakuna mwenye akili atakayeikausha kabisa. Maana yake betri iliyonunuliwa kwa ajili ya Kampala haifiki Kampala; nayo pia italazimika kusimama, ama Pakwach ama baada ya kuvuka Karuma, kutafuta umeme. Mabasi ya usiku yanaondoka Arua kila siku, na shilingi milioni 15 ni nauli ya miaka mingi.

Lakini nisidhaniwe kuwa nawatetea wale wanaokimbilia upande wa pili na kununua kilicho rahisi. Nissan Leaf ya miaka ya mwanzo, yenye betri ya yuniti 24, inavutia kwa bei, na wauzaji huisifu kwa masafa yaliyoandikwa siku ilipotoka kiwandani. Betri yake haina kipoza cha maji, na katika nchi za joto imejulikana kuchakaa haraka. Wenye magari hayo Phoenix, Arizona, walilalamika tangu mwaka 2012. Ukiingia ndani usitazame maandishi ya Kijapani yaliyo katikati. Tazama pembeni kabisa mwa kipimo cha betri, kwenye vijistari vidogo ambavyo vikitimia ni 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyopo, vinaonyesha uhai uliobaki, na cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupoteza yapata asilimia 15. Gari lenye vijistari vinane limebakiwa na yuniti 15 au 16. Litakufikisha Koboko, na halitakurudisha. Kama unaishi na kufanya kazi mjini Arua, linunue kwa amani. Kama kazi yako iko Koboko, lipite.

Dereva wa teksi anayekwenda na kurudi mara tatu kwa siku yumo katika hesabu nyingine, na hoja zangu hazimhusu; yeye anahitaji kituo cha kuchajia kwa kasi, na pasipo kituo hicho betri yoyote itamwangusha.

Mtumishi wa kawaida, ambaye gari lake husimama saa nane kwenye uwanja wa ofisi pale Koboko likichomwa na jua, ana haki ya kudai jambo jingine, na ningependa nguvu zote zinazotumika kubishania ukubwa wa betri zihamie huko. Saa nane kwa waya wa ampea 10 ni yuniti 19 kwenye mita na kama 17 betrini, wakati safari ya kurudi Arua inahitaji 11 tu. Paneli nane za wati 400 juu ya paa la ofisi, katika jua letu, zinatoa yapata yuniti 12 au 13 kwa siku njema, mchana huo huo gari likiwa limesimama, bila ya kungoja laini ya taifa. Mwajiri akiweka soketi imara chini ya kivuli, na mita ndogo ili kila mtu alipie anachotumia, basi betri ya mwenye safari ya Koboko inaweza kushuka kutoka yuniti 40 hadi 30 pasipo kumpunguzia chochote. Wakuu wa idara, halmashauri ya manispaa, hospitali na mashirika yenye ofisi Koboko wanaandaa bajeti kila mwaka. Katika bajeti ijayo liwemo fungu la waya, swichi na fimbo ya ardhini, kabla hatujawaambia wafanyakazi wao wakope benki milioni 15 za ziada.